Tunataka kivuli, si pevingi

Jumamosi nilimpeleka mama kwenye bustani ya kando ya Ziwa Victoria hapa Mwanza, ile tuliyokuwa tukicheza tukiwa wadogo. Alikuja kliniki hospitali ya Bugando, tukamaliza saa saba, akasema kabla ya kuvuka kwa kivuko cha Kamanga kurudi kwao Sengerema apunge kwanza upepo. Tukafika. Akaketi kwenye benchi la zege, akainuka palepale kama aliyekalia jiko. Nikaikunja kanga mara nne ndipo akakaa, na bado dakika tano hazikutimia. Tukaishia kusimama ubavuni mwa bango la matangazo, sisi wawili, kijana wa bodaboda na binti mwenye beseni la ndizi, tumejipanga mstari mmoja kwenye kivuli chenye upana wa mlango. Jua likisogea, nasi tunasogea.

"Mwanangu, ule mkuyu mliupeleka wapi?"

Ulikatwa wakati wa ukarabati uliopita ili pevingi, vile vitofali vya zege vya kutandika chini, zitandazwe. Na sasa kuna mchoro mwingine wa kuipanga upya bustani hiyohiyo. Umezunguka kwenye makundi ya WhatsApp wiki nzima. Nimeukuza kwenye simu mpaka macho yakauma. Nimeona maegesho, chemchemi yenye taa za rangi, sehemu ya kupigia picha, na mistari miwili ya mitende ya mapambo. Mtende wa mapambo unatoa kivuli gani? Mzee wa miaka sabini atajibanza wapi hapo?

Mwanza iko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta. Adhuhuri jua linakusimamia utosini. Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, hewa yake inapanda, na hewa baridi ya ziwani inaingia kuchukua nafasi. Huo ndio upepo alioufuata mama. Ukiupitisha juu ya uwanja wa vitofali vilivyochemka tangu asubuhi, unakufikia ukiwa umeshapashwa. Chini ya mkuyu mambo ni tofauti kabisa. Matawi yanatanda, mizizi inaushika udongo wa ukingoni, ndege wanashindania makuyu, na watu wanakaa. Wanaosubiri kivuko wanakaa na mizigo yao, wanachuo wanakaa na madaftari, muuza kahawa anatua birika lake. Mji wenye kata nzima inayoitwa Mkuyuni haupaswi kubembelezwa kuhusu mkuyu!

Haya, pevingi zina kazi yake, nakubali. Wakati wa masika njia ile ilikuwa tope tupu, na mwenye kiti cha magurudumu hakuwa na pa kupita. Taa nazo nazitaka, dada zetu wapite saa mbili usiku bila kukimbia. Wekeni njia, wekeni taa. Ila njia iwe njia, isigeuke uwanja mzima.

Ukuta wa zege ukingoni nao msiujenge. Mwaka 2020 ziwa lilijaa likameza fukwe na kuingia majumbani, na sisi wa huku tuliona kwa macho. Ukingo wenye nyasi na matete unajua kuyapokea maji. Sheria ya Mazingira ya 2004 yenyewe imekataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, tena kwa maandishi. Miamba msiipasue, yule mjusi wa kichwa chekundu na mwili wa bluu anayeota jua pale juu, watoto wetu wanamjua. Vyoo viwe na maji. Kiingilio kisiwepo.

Lakini kama hela inatosha kitu kimoja tu, basi iwe miti, ya kivuli, na ipandwe sasa. Mti hausubiri siku ya uzinduzi ndipo uanze kukua.

Kabla hatujaenda kivukoni mama alinivuta mkono turudi kwenye kisiki. Pevingi zimekibana pande tatu, ila upande wa ziwani kimechipua. Vichipukizi saba, nimevihesabu, na kirefu kuliko vyote kinamfika mama kiunoni. Usiku nikaufungua tena mchoro. Mahali hapo pameandikwa maegesho.

Ndugu zangu mnaochora, sogezeni maegesho mita kumi.