Ubaguzi wa rangi: mwandishi autaje au aunyamazie?

Machi 2015, gazeti la Daily Nation liliripoti kwamba mkahawa mmoja wa Kichina mtaani Kilimani, Nairobi, ulikuwa ukiwazuia Waafrika mlangoni baada ya saa kumi na moja jioni. Wahusika walisema ni kwa ajili ya usalama. Wananchi walighadhabika, mkahawa ukafungwa, kesi ikafika kortini. Lakini shtaka lililosomwa lilikuwa la kuendesha biashara bila leseni. Ubaguzi wenyewe haukuwamo, ingawa Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinamkataza hata mtu binafsi kumbagua mwenzake kwa rangi yake.

Septemba 2018, Mchina mmoja alinaswa kwenye video akiwaita Wakenya wote nyani, Rais akiwemo. Akafukuzwa nchini mara moja. Ilikuwa sawa afukuzwe, ila hatua hiyo haigusi mshahara wala cheo cha Wakenya waliobaki kazini. Julai mwaka huohuo, The Standard ilikuwa imechapisha uchunguzi kuhusu SGR, reli ya kisasa ya Mombasa–Nairobi iliyojengwa na Wachina, wafanyakazi Wakenya wakilalamika kwamba wanatengwa na wenzao Wachina mezani na hata kwenye magari ya kuwabeba. Uchunguzi wa aina hii ni mgumu, kwa sababu mashahidi wanaweza kupoteza kazi. Ndiyo maana video hushinda.

Wapo wahariri wanaosema heri kunyamaza, na hofu yao si ya bure. Baada ya uchaguzi wa 2007, baadhi ya redio za lugha za mama zililaumiwa kwa kuchochea chuki. Mtangazaji Joshua arap Sang alishtakiwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC), The Hague, hadi kesi yake ilipositishwa Aprili 2016. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inatoza uchochezi faini ya hadi shilingi milioni 1, kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili. Na neno moja tu laweza kuumiza. Katika msako wa kiusalama wa Aprili 2014, maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikamatwa mtaani Eastleigh, Nairobi, na kwingineko, wengi wakazuiliwa uwanja wa Kasarani. Kila kichwa cha habari kilichotanguliza neno “Msomali” kabla ya “mshukiwa” kilisaidia kulifanya kabila zima lionekane la kushukiwa.

Kwa maoni yetu hofu hiyo ni kweli kuhusu maneno, si kuhusu kunyamaza. Maadili ya uanahabari nchini yanataka asili ya mtu itajwe pale tu inapohusika na habari. Kuna kipimo rahisi: ondoa neno “Mhindi” kwenye habari ya mfanyabiashara aliyekwepa kodi. Habari ikisimama bila hilo neno, basi halikuhitajika. Jamii ya Wakenya wa asili ya Kiasia ilitambuliwa kuwa kabila la 44 mwaka 2017, lakini bado huandikwa kama wageni. Kwa mkahawa wa Kilimani, ukiondoa rangi habari yote imekufa. Hapo lazima itajwe.

Kinachobaki ni ushahidi. Malalamiko ya mlangoni hupimwa kwa jozi mbili za wateja: mavazi ya hadhi moja, saa ileile, ombi lilelile, tofauti iwe rangi tu. Rudia siku tatu tofauti, kwa sababu usiku mmoja meza zaweza kuwa zimejaa kweli. Andika saa na maneno ya bawabu palepale, kisha mpe mwenye biashara nafasi ya kujibu kabla ya kuchapisha. Kazini, linganisha stakabadhi za mshahara za watu wa cheo kimoja na miaka sawa ya utumishi. Wengi hukosea hapa: humlinganisha mhandisi mgeni na kibarua Mkenya, na kampuni huibomoa habari nzima kwa sentensi moja. Jina la shahidi lifichwe, na pia zamu yake na idara yake, maana idara ya watu wanne hutambulika bila jina.