Pikipiki ukiwa na watoto wadogo: huku na nyumbani si swali moja

Kila ikisambaa video ya bodaboda aliyepakia mishikaki ya wanafunzi, watatu nyuma na mmoja juu ya tanki, wa kwanza kulaani ni sisi tulio nje, huku Uingereza. "Hawa ni wazazi gani?" Jumapili jua likitoka, mlaani huyo huyo anavaa jaketi la ngozi, anamwachia mwenzake kichanga cha miezi minne, anawasha mashine ya cc 650 na kwenda kutafuta kona za Wales. Sioni anapata wapi mdomo wa kumsema mtu wa Mbagala, Dar es Salaam.

Tunachanganya maswali mawili. Uingereza mtoto mdogo kwa kawaida hapandi pikipiki. Anayepanda ni mzazi, mara nyingi kwa starehe, na la kujiuliza ni kama asiporudi, au akirudi na magongo, mtoto atashikwa na nani. Nyumbani mtoto yupo juu ya pikipiki yenyewe, kwa sababu ndiyo gari la familia, la shule na la wagonjwa. Huko la kujiuliza ni amekaa vipi na kichwani ana nini.

Nianze na huku, maana ndiko kunakotupa kiburi. Ukiwa na miaka 17 unafanya mafunzo ya lazima yanayoitwa CBT, kwa kawaida siku moja, unabandika herufi L ya mwanafunzi mbele na nyuma, na unaendesha isiyozidi cc 125. Cheti kinadumu miaka miwili. Ukitaka kwenda moja kwa moja kwenye pikipiki kubwa isiyo na kikomo, uwe umefika miaka 24, ufaulu nadharia (pauni 23), kisha Moduli 1 uwanjani (pauni 15.50), ambako lazima ufikishe angalau kilomita 50 kwa saa ndipo ufunge breki za ghafla, kisha Moduli 2 barabarani (pauni 75 siku za kazi). Pikipiki mpya za zaidi ya cc 125 lazima ziwe na ABS, breki zinazozuia gurudumu lisikwame. Lami ni nzuri, alama zinasomeka. Pamoja na hayo yote, pikipiki ni kama asilimia 1 tu ya vyombo vinavyopita barabarani Uingereza, lakini karibu mtu mmoja kati ya kila watano wanaokufa barabarani alikuwa kwenye pikipiki. Mafunzo yanapunguza hatari, hayaifuti.

Na anayeumia si lazima awe mhuni wa mbio. Ajali ya kawaida ya mjini inatokea kwenye makutano: gari linatoka barabara ndogo, dereva anatazama kulia, haoni kitu, anaingia. Pikipiki ni nyembamba, nguzo ya kioo cha mbele inatosha kuificha nzima, na ikija kukuelekea moja kwa moja jicho haliwezi kukadiria mwendo wake. Ukiwa maili 30 kwa saa, yaani kama kilomita 48, kitabu cha sheria za barabarani cha huku kinakupa mita 23 za kusimama. Maili 60 ni mita 73. Aliyekatwa njia akiwa mita 15 hana ujanja wa kufanya, awe na ABS au asiwe nayo.

Sasa weka mtoto mchanga kwenye hesabu hiyo. Kitu cha kwanza anachochukua ni usingizi. Aliyepata usingizi wa saa tatu tu, tena kwa vipande vipande, anachelewa kuona na anachelewa kushika breki, na kwenye gari kosa hilo linaishia kwenye bampa. Cha pili anachukua muda. Pikipiki inakaa gereji miaka miwili, halafu siku moja ya Aprili mtu anaivuta nje na kuondoka kana kwamba aliiacha jana. Tazama ubavuni mwa tairi palipoandikwa DOT: tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka, kwa hiyo 2317 ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Mpira huo umekuwa mgumu hata kama kashata zake bado ndefu, na kwenye lami yenye maji hautashika. Mafuta ya breki yananyonya unyevu, watengenezaji wengi wanataka yabadilishwe kila baada ya miaka miwili. Na mikono ya dereva nayo imeota kutu. Vyuo vingi vya pikipiki huku vinauza somo la nusu siku kwa watu wa aina hii, ila mtu akishakuwa na leseni kubwa ni aibu kwenda.

Wapo pia wenzetu ambao pikipiki huku ni kibarua: vijana wanaobeba chakula usiku kwa cc 125 na herufi L. Hao siwahubirii waache, nawaambia wasome karatasi ya bima. Bima ya kwenda na kurudi kazini haikuhusu ukishaweka begi la pizza mgongoni, unatakiwa uwe na ile ya usafirishaji wa kulipwa, na bila hiyo kisheria ni kama huna bima. Aliyejiajiri pia hapati malipo ya ugonjwa ya kisheria. Hata mwajiriwa anayepata, mwaka wa fedha 2024/25 kiwango kilikuwa pauni 116.75 kwa wiki, mwisho wiki 28. Avunjike mfupa wa paja mtu anayefanya kazi ya kulea wazee, ya kuinua na kugeuza wagonjwa, uone hiyo pauni 116 inavyopambana na kodi ya nyumba.

Ila kinachonitisha zaidi ya pesa ni ndugu. Nyumbani baba akilazwa, watoto wanagawanywa jioni hiyo hiyo: mmoja kwa bibi, mmoja kwa shangazi, mdogo anabaki kwa mama Asha wa nyumba ya pili. Huku unaweza kuishi miaka kumi na usijue jina la jirani. Kwa hiyo mzazi mhamiaji anayeendesha pikipiki, hasa anayelea peke yake, aandike nani awe mlezi wa watoto wake. Kwa Uingereza na Wales inatosha kuandika kwenye wosia. Unasaini mbele ya mashahidi wawili waliopo kwa pamoja, nao wanasaini, na shahidi asiwe mtu anayerithi chochote humo, wala mume au mke wake. Mlezi mwulize kwanza, usimshtukize. Bila karatasi hiyo, wazazi wote wakifa, mahakama ndiyo itakayoamua, na wakati inaamua watoto wanaweza kuwa mikononi mwa idara ya ustawi ya halmashauri, kwa watu wasiojua hata wanakula nini.

Kwa mwenye pikipiki ya starehe na watoto wa chini ya miaka mitano, ushauri wangu ni auze, au aifunike turubai mpaka wa mwisho aanze shule. Kwake ni mchezo, na mchezo una msimu. Najua hili litanipa maadui.

Kuhusu kumpakia mtoto, sheria ya huku haitaji umri. Inasema dereva awe na leseni kamili, abiria awe mmoja tu, akae kwa kupanua miguu kwenye kiti halisi kilichofungwa imara, na avae helmeti. Ile ya kukaa upande upande kama bi harusi hairuhusiwi. Miguu inatakiwa ifikie vikanyagio, na hapo ndipo watoto wengi wa chini ya miaka saba au minane wanapochujwa wenyewe bila sheria kutaja namba.

Sasa nyumbani. Anayedhani mzazi anapanga bodaboda kwa uzembe hajawahi kusimama kituoni Dar saa kumi na mbili asubuhi. Mwanafunzi analipa nauli pungufu, konda anamzuia mlangoni mpaka watu wazima waingie, daladala inaondoka. Mzazi anampa kijana wa kijiweni pesa ya mwezi, aje nyumbani, ampeleke mtoto, amrudishe. Kijana naye ana mkataba, jioni lazima alete hesabu ya mwenye pikipiki, na mtoto mmoja kwa safari haimtoshi. Anaongeza wa pili, wa tatu. Mishikaki imeanzia kwenye hesabu. Kenya Sheria ya Trafiki inataka abiria mmoja tu kwa pikipiki, lakini hesabu ya njaa iko vilevile.

Ukimwambia mzazi huyo "usipande", umemwambia asiende. Mwambie vitu vinavyofanyika.

Mtoto asikae mbele juu ya tanki. Wengi wanaona hapo ndipo salama kwa sababu dereva amemzungushia mikono. Pikipiki ikigonga, mtoto anatangulia kwenye usukani na dereva wa kilo 70 anamfuata kwa nyuma. Tena mkono wa mtoto unafika kwenye kishikio cha kuongezea mafuta, na akishtuka anakamata alichokishika.

Kichanga kisipande kabisa. Helmeti yenyewe ya mtoto inakaribia kilo moja au zaidi, na shingo ya mwaka mmoja haiwezi kuibeba hata kwenye tuta la kawaida, achilia mbali ajali. Mgongoni kwa mama kichwa kinaning'inia, na kikifunikwa kanga kwa ajili ya vumbi mama hajui anapumua vipi. Hapo ni bajaji. Ni ghali zaidi, ndiyo, na ni safari chache kwa mwezi: kliniki, chanjo, homa ya usiku.

Aliyekwishaota shingo na kimo, tazama miguu yake kabla ya kichwa. Jeraha la mtoto ambalo halifiki kwenye habari ni kisigino kilichonaswa kwenye spoku za gurudumu la nyuma. Miguu haifiki vikanyagio, inaning'inia, kona moja inaingia. Spoku zinazunguka, soksi haizuii kitu, ngozi ya kisigino inavuliwa kama ganda, wakati mwingine na mshipa mnene wa nyuma ya kifundo. India sheria inataka kila pikipiki iwe na wavu wa kuzuia sari upande wa gurudumu la nyuma, ndiyo maana nyingi za Kihindi zinazouzwa kwetu zinakuja na ule mtandao wa chuma upande wa kushoto. Watu wanaung'oa ili wafunge mzigo vizuri. Usiung'oe. Fundi wa kuchomelea atakutengenezea wa pili upande wa kulia kwa nondo nyembamba, aangalie tu usiguse shokomzoba ikibonyea. Kulia huko huko kuna bomba la moshi, na ndiyo maana watoto wengi wana kovu la mviringo upande wa ndani wa shavu la mguu wa kulia. Wapande na kushuka upande wa kushoto, bila mjadala. Mama naye afunge ncha za kanga na mtandio kwa ndani: nguo ikidakwa na cheni haimng'oi yeye peke yake, inamng'oa na aliyempakata.

Breki za bodaboda nyingi ni za drum, yaani ngoma iliyo katikati ya gurudumu, mbele na nyuma, na hazikutengenezwa kusimamisha watu watatu. Ipo alama ya mshale kwenye mkono wa breki pale drum. Breki ikikamatwa mshale ukavuka mpaka uliochorwa, brekishuu zimeisha, na kukaza nati ni kujidanganya. Baada ya kuvuka maji, drum zimelowa, ashike breki kidogo kidogo mara kadhaa akiwa taratibu mpaka zikauke. Mzazi anayelipa kwa mwezi ana haki ya kuuliza hayo, kama anavyouliza bei.

Na helmeti. Ikivaliwa sawasawa inapunguza hatari ya kufa kwa takriban asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hapa ndipo sisi wa nje tungefaa kuliko kwenye maoni chini ya video, na hapa pia ndipo tunapoharibu, kwa kutumbukiza kwenye pipa la mizigo ya kutuma nyumbani helmeti kuukuu tulizookota mnadani. Povu jeupe la ndani linafanya kazi mara moja tu: linabonyea badala ya fuvu. Iliyowahi kugonga chini inaweza kung'aa kwa nje na kuwa imekufa ndani. Peleka mpya. Angalia lebo iliyoshonwa kwenye mkanda: herufi E ndani ya duara na namba ya nchi iliyoidhinisha (11 ni Uingereza), chini yake namba inayoanza na 05 au 06, ambayo ni toleo la kiwango. Baada ya mkwaju, J ni ya uso wazi, P ni yenye kidevu kinacholinda. Lebo ikiwa stika tu nyuma ya helmeti na mkandani hamna kitu, iache dukani.

Usiulize umri, omba kipimo. Aliyeko nyumbani azungushe futi ya cherehani kichwani mwa mtoto, juu kidogo ya nyusi, ipite sehemu pana zaidi kisogoni, apime mara mbili. Za watoto huwa kati ya sentimita 48 na 54. Mama atakwambia nunua kubwa akue nayo, kama viatu vya shule. Usimsikilize hapo. Ikifika, mtoto aivae mashavu yabanwe kidogo, mkanda uingie vidole viwili tu chini ya kidevu, kisha mtu mzima asimame nyuma yake na kuisukuma kwa juu kuelekea mbele. Ikivuka nyusi, hiyo si saizi yake, apewe kaka yake.