Moritz wa Saksonia: Yuda aliyelipa deni la mkwewe

Walutheri wa Ujerumani walimbandika Moritz wa Saksonia jina ambalo hajalivua hadi leo: Yuda wa Meissen, Meissen likiwa eneo la nchi yake. Mashtaka yenyewe yanajulikana. Mwaka 1546, miezi michache baada ya Luther kufariki, mtawala huyu Mlutheri alipatana na Kaisari Karolo V, Mkatoliki aliyeongoza Dola Takatifu ya Kirumi iliyozikusanya nchi za Wajerumani, kisha akapeleka jeshi kwenye nchi ya ndugu yake Johann Friedrich, aliyekuwa nguzo ya Matengenezo, yaani vuguvugu la Kiprotestanti lililoanzishwa na Luther. Tarehe 24 Aprili 1547 Johann Friedrich alikamatwa Mühlberg akiwa na jeraha usoni. Moritz, kijana wa miaka 26, akapewa cheo chake cha mteuzi, yaani kura ya kumchagua kaisari, na Wittenberg, mji wa Luther, ukiwa nyongeza.

Hapo sina utetezi wa kumpa. Babu zao walikuwa ndugu, na ujanani Moritz alikula chakula cha Johann Friedrich huko Torgau. Alijitetea kwamba asipoiteka yeye nchi ile, Ferdinand, mdogo wake Kaisari, angeichukua akitokea Bohemia. Hoja hiyo ina ukweli, ila inamnufaisha mno anayeisema. Tena Johann Friedrich aliukataa mpango wa dini wa Kaisari wa 1548, uliowarudisha Walutheri kwenye taratibu nyingi za Kikatoliki, akiwa mfungwa. Anayetafuta shujaa wa imani amwendee huyo.

Shida ni kwamba wengi hufunga kitabu hapo. Mimi humwona Moritz kwenye mkasa wa mkwewe.

Philipp wa Hesse, baba wa mkewe Agnes, naye alikuwa upande wa Walutheri ulioshindwa vitani. Moritz na Joachim II wa Brandenburg wakamsihi aende Halle ajisalimishe, wakimhakikishia hatafungwa. Wakawaandikia wanawe hati: baba yenu akizuiwa, sisi wenyewe tutajileta mikononi mwenu. Kaisari kwa upande wake alikuwa amekubali tu kwamba Philipp hatafungwa maisha. Ipo simulizi kuwa karani alichezea neno, „einig“ (kifungo chochote) likageuzwa „ewig“ (kifungo cha milele). Simulizi tamu, lakini haihitajiki: mwanya ulikuwa wazi kwenye mazungumzo yenyewe, na wadhamini wawili wakaufunika kwa matumaini. Juni 19, Philipp alipiga magoti mbele ya Kaisari. Jioni akaalikwa kula kwa Alba, jemadari wa Kaisari. Walipomaliza kula akaambiwa haondoki.

Akakaa miaka 5. Wanawe wakawa wanaidai ile hati. Umemdhamini mkweo, amefungwa kwa neno lako, mkeo yumo ndani anakutazama. Uso utauweka wapi? Moritz aliomba, akabembeleza, Kaisari hakusikia.

Ndipo akafanya lililo hodari zaidi maishani mwake. Alikuwa ametumwa kuuzingira Magdeburg, mji wa Kilutheri uliougomea mpango wa Kaisari, na gharama zikibebwa na Dola. Mji ulipokubali masharti Novemba 1551, jeshi hakulitawanya. Januari 1552 Henri II wa Ufaransa akatia sahihi mkataba wa Chambord: fedha kwa wakuu Walutheri, na kwa Mfaransa ruhusa ya kushika Metz, Toul na Verdun. Wazalendo wa Kijerumani wa baadaye walimlaani kwa hilo, na kweli haikuwa miji yake ya kugawa. Lakini fedha nyingine angezipata wapi? Mwezi Mei, jeshi la Moritz lilipokaribia, Kaisari, mgonjwa wa jongo, alitoroka Innsbruck akibebwa kwenye machela, akavuka milima hadi Villach.

Masharti ya Moritz hayakuwa ya mtu aliyelewa ushindi. Huko Passau, Agosti 1552, alipata mawili makuu: mkwewe aachiliwe, na Walutheri waachwe kwa amani hadi bunge la Dola liamue. Johann Friedrich naye akawa huru mwaka huohuo, ila cheo hakurudishiwa. Yuda wa Injili alivirudisha vile vipande 30. Moritz hakurudisha kitu, na hilo ninamdai hadi leo. Lakini ushujaa wote wa Johann Friedrich gerezani haukuwapatia Walutheri hata ukurasa mmoja wa mkataba.

Julai 9, 1553, Moritz alipigwa risasi kwenye mapigano ya Sievershausen, akipambana na Albrecht Alcibiades, mwenzake wa vita vya mwaka uliotangulia. Alifariki siku 2 baadaye, na umri wake ulikuwa miaka 32. Amani ya Augsburg ya 1555, iliyowatambua Walutheri kisheria na iliyojengwa juu ya Passau, ilimkuta mdogo wake August kwenye kiti cha Saksonia.