Nilivyojishtaki Mwenyewe kwa Mwalimu Mkuu

Baada ya talaka yangu, jioni nyingi hapa Tanga nilizimalizia kwenye simu, nikifuatilia kipindi cha Korea Kusini kilichoanza kuonyeshwa na kituo cha MBN mwaka 2021, ambamo wanaume na wanawake walioachana na wenzi wao hukutanishwa ili watafute mapenzi upya. Wakorea huwaita watu wa namna yetu "dolsing", yaani waliorudi kuwa peke yao, jina ambalo nililiona lina staha kuliko yale niliyokuwa nikipewa mtaani. Utamu wake uko kwenye sharti: wanapokutana hawaruhusiwi kutajiana umri, kazi wala kama wana watoto, na siri hizo hufichuliwa moja moja baadaye, moyo ukiwa umekwisha kunasa. Inapofika zamu ya kutaja watoto, hata watangazaji hufuta machozi. Mimi nami hulia, ingawa machozi mengine huwa ni ya bando.

Siku moja, kwa fundi simu wa Ngamiani, nilimkuta dada mmoja akitazama msimu wa nne, ule uliorekodiwa Cancún, Mexico, nikamharibia uhondo kwa kumweleza mwisho wake. Alininunia kwa dakika tano, kisha tukazungumza hadi fundi akafunga duka. Naye alikuwa ameachika. Tulipoagana alipendekeza, huku akicheka, kwamba tufuate sharti la Wakorea kwa wiki tatu. Katika mji ambao muuza kahawa anaijua siku uliyooa na siku uliyoacha, huo ulikuwa ushujaa, nami nikakubali. Rafiki yangu alinionya kwa mfano wa Gerry Turner, yule mzee wa Marekani aliyepata mchumba kwenye kipindi cha televisheni, akamwoa mbele ya kamera Januari 2024, na ilipofika Aprili yeye na mkewe wakatangaza kuachana. Nilimjibu kwamba wale waliharakisha kujuana.

Jioni ya pili tulikaa Bustani ya Jamhuri, tukitazama bandari, na hapo dada akanieleza kwa uchungu kisa cha "jirani yake", ambaye mtoto wake alikuwa akionewa na mwalimu wa hisabati. Mtoto alikosea swali la sehemu, akasimamishwa ubaoni kipindi kizima, na wenzake wakamcheka. Mwalimu huyo, alisema, wanafunzi humwita Kobe. Pengine ningeshtuka, ila mimi nimewasimamisha ubaoni watoto wengi mno, na jina la utani la mwalimu ni siri ambayo mwenyewe huwa wa mwisho kuijua. Nilichoona mbele yangu ni macho mazuri yaliyojaa huzuni, nikaamua kuwa mwanamume.

"Jirani yako aandike barua," nilisema. "Mimi nitamsaidia."

Alikuwa ameanza rasimu ya upole, yenye maneno "tunaomba mwalimu ashauriwe". Niliyafuta palepale, nikaandika "tunaomba achukuliwe hatua kali za kinidhamu bila kuchelewa". Nikaongeza kwamba mwalimu wa namna hiyo ni koroboi inayotoa moshi bila mwanga, sentensi ambayo niliipenda kiasi kwamba niliisoma mara mbili kwa sauti. Jina la shule tuliliachia vidoti, kwa kuheshimu sharti. Dada aliniangalia kwa namna ambayo sikuwa nimeangaliwa kwa miaka minne, nami nikarudi nyumbani nikitembea kwa madaha, polepole, kama nilivyo kawaida yangu.

Jumatatu, mwalimu mkuu aliniita ofisini. Alikuwa ameshika karatasi, na kabla hajaanza kunisomea alivua miwani akasema kwamba malalamiko ya wazazi amepokea mengi, lakini haya yameandikwa kwa Kiswahili ambacho hata Idara ya Lugha wangejifunza kitu. Alipofika kwenye "bila kuchelewa", jasho lilinitoka. Alipofika kwenye koroboi, midomo yangu iliimalizia sentensi pamoja naye, jambo lililomfanya akatize kusoma, anitazame.

"Unaifahamu barua hii?"

"Nimewahi kuusikia msemo huo, Mkuu."

Ndipo mlango ulipogongwa akaingia mzazi aliyeitwa kuja kueleza lalamiko lake, amemshika mkono mwanafunzi wangu wa darasa la tano, yule mchoraji wa kobe ambao kila nilipoingia darasani niliwakuta ubaoni nikadhani ni somo la sayansi. Jirani hakuwepo. Dada alinitazama, akaitazama barua mezani, akajifunika mdomo kwa ncha ya mtandio, na mabega yakaanza kumtikisika.

"Kwani mnafahamiana?" aliuliza mwalimu mkuu.

"Bado, Mwalimu," alijibu. "Ilikuwa imebaki wiki moja."

Niliagizwa kujibu tuhuma zote kwa maandishi ndani ya siku saba. Usiku ule, nikiwa nimekwama kwenye sentensi ya kwanza, simu ililia: "Kaka yangu, ukikosa mtu wa kukusaidia kuandika barua, mimi nipo. Ila hilo neno koroboi tayari lina mwenyewe."