Kwenye Inherent Vice, Mfuate Coy

Kuna utetezi mmoja wa Inherent Vice ambao umenichosha, nao ni ule usemao kwamba filamu hii haikukusudiwa kueleweka. Anayeutoa huutoa kwa upole wa mtu anayekuonea huruma: acha maswali, tulia, jiachie uchukuliwe na moshi. Upande wa pili wapo waliosimama na kutoka ukumbini kabla haijafika nusu, ambao hadi leo hukuambia kwamba walichoonyeshwa ni watu wanaonong'onezana majina kwa saa mbili na nusu. Pande hizi zimekuwa zikirushiana maneno tangu filamu ilipoanza kuonyeshwa mwaka 2014, na kinachonishangaza ni kwamba katika jambo la msingi zimekubaliana. Wote wanaamini kuwa hakuna kisa cha kufuata. Ila mmoja anaona hilo ni sifa, na mwenzake anaona ameibiwa pesa ya tiketi. Mimi nasema kisa kipo, lakini kimewekwa mahali ambapo mtazamaji wa filamu za upelelezi hajazoea kukitafuta.

Mara ya kwanza nilikuwa upande wa waliochoka. Sikutoka, lakini kufikia dakika ya arobaini nilikuwa nimeshaacha kuhesabu nani anamtafuta nani na kwa deni gani. Niliirudia baada ya mwongozaji Paul Thomas Anderson kumrudia mwandishi Thomas Pynchon, ambaye riwaya yake ndiyo chanzo cha filamu hii, mwaka 2025 katika One Battle After Another, na safari hii nilikaa na karatasi na kalamu kama mtu anayesubiri mtihani. Ukurasa ulijaa mapema. Mickey Wolfmann, tajiri wa majumba, mkewe, hawara wa mkewe, mlinzi aliyeuawa, daktari wa meno, mkopeshaji wa riba ambaye pia ni muuaji wa kukodiwa, na Golden Fang, ambayo mara ni merikebu, mara ni genge la heroini, mara ni umoja wa madaktari wa meno wanaokwepa kodi. Nilipoisoma karatasi ile baadaye nilicheka peke yangu, kwa sababu ilifanana na daftari la Doc Sportello mwenyewe, mpelelezi wa kujitegemea anayevuta bangi tangu asubuhi, ambaye katikati ya kazi huandika kumbukumbu zisizomsaidia yeyote, mojawapo ikiwa ya kujihakikishia kwamba anachokiona si njozi.

Walioondoka hawakuwa wajinga, na wanaowacheka wanawaonea. Hadithi ya upelelezi ni mapatano. Mtazamaji anakubali kuzungushwa, kudanganywa na hata kutishwa, mradi mwishoni akabidhiwe jibu: nani aliua, kwa nini, na alifanyaje. Trela ya filamu hii iliongeza ahadi ya pili, ya vichekesho. Mtu aliyelipa kwa ahadi hizo mbili, kisha akakuta mazungumzo marefu ya sauti ya chini kuhusu viwanja, utapeli na mwanamke aliyeondoka, ana haki ya kununa.

Watetezi hupenda kujibu kwa kutaja filamu ya upelelezi The Big Sleep ya Howard Hawks, ya mwaka 1946, na mfano huo ni mzuri kuliko wanavyoutumia. Wapenzi wengi wa sinema wamesikia habari ya dereva wa familia ya Sternwood anayekufa ndani ya gari lililotumbukia baharini: watengenezaji walibishana kama aliuawa au alijiua, wakampelekea Raymond Chandler telegramu, na mwandishi huyo wa riwaya akakiri kwamba hata yeye hajui. Kisichosimuliwa sana ni kwamba kulikuwa na toleo la awali, lililoonyeshwa kwa wanajeshi wa Marekani mwaka 1945, ambalo lilikuwa na onyesho ambamo ushahidi unapangwa na kuelezwa taratibu. Onyesho hilo liliondolewa, na yakaongezwa maneno ya kutaniana ya waigizaji wakuu, Humphrey Bogart na Lauren Bacall, kwa kuwa studio ilijua watu wanakuja kuwatazama hao wawili. Yaani ufafanuzi ulikuwapo ukakatwa kwa makusudi, na filamu ikapendwa kizazi baada ya kizazi.

Hata hivyo mfano huo una ufa. Bogart hapotei. Steringi yule anajua anakokwenda, au anajifanya kujua kwa ustadi kiasi kwamba sisi tulio nyuma yake hatuna wasiwasi. Tukipotea, tumepotea mgongoni mwa mtu anayeijua njia. Doc hajui, na wala hajifanyi. Ni mwaka 1970, Los Angeles, miezi michache tu baada ya mauaji ya kundi la mahipi la Charles Manson ya Agosti 1969, polisi wanamtazama kila mwenye nywele ndefu kama muuaji mtarajiwa, na mwenye nywele ndefu mmoja, tena aliyelewa, ndiye tuliyepewa atuongoze. Hapo ndipo bangi inapofanya kazi ambayo wanaoiona kama utani tu hawaioni. Inatuondolea kiongozi. Baadhi ya watazamaji hufurahi kuachwa hivyo, wengine huingiwa na hasira, na sidhani kwamba kundi moja lina akili kuliko jingine.

Liko lalamiko moja ambalo sina jibu lake: filamu hii haisikiki vizuri. Joaquin Phoenix, anayemwigiza Doc, anameza maneno, na Anderson, pamoja na mpiga picha wake Robert Elswit, hupenda kuwaweka watu wawili mbele ya kamera, kuisogeza polepole mpaka nyuso zao zijae, na kubaki hapo kwa muda mrefu bila kukata. Macho hayapewi kazi, masikio ndiyo yanayobebeshwa mzigo wote, na habari inayofungua fundo la kisa hupita katika sentensi moja ya mtu anayesinzia. Mimi niliokolewa na maandishi ya chini ya picha. Aliyekuwa ukumbini kwa Kiingereza kitupu hakuwa na msaada huo.

Picha ikiamua kusema, lakini, inasema. Bigfoot Bjornsen, polisi mwenye nywele zilizonyolewa bapa kama uso wa meza, anaendesha gari huku akila ndizi iliyogandishwa na kupakwa chokoleti, na Doc pembeni anamtazama kwa fadhaa. Watu hucheka, na ni haki yao. Baadaye tunaambiwa, haraka haraka kama kawaida ya filamu hii, kwamba polisi mwenzake Bigfoot aliuawa na kwamba idara yao wenyewe ina mkono katika kifo hicho. Karibu na mwisho anavunja mlango wa Doc, anakaa, anaanza kutafuna bangi yake kavu kavu, majani kwa kiganja, na machozi yanamlengalenga Doc. Ukiwa umepitwa na ile sentensi moja kuhusu yule mwenzake, unaona kituko tu. Ukiwa umeidaka, unaona mjane.

Jina la filamu nalo ni istilahi ya bima ya baharini, na filamu yenyewe hulifafanua: ni ile kasoro iliyomo ndani ya shehena yenyewe, ambayo kampuni ya bima hailipii, kwa sababu yai litavunjika, chokoleti itayeyuka na kioo kitapasuka hata bahari ikiwa shwari. Wengi huchukulia maneno hayo kuwa ni kuhusu Shasta, mpenzi wa zamani wa Doc, au kuhusu ndoto za miaka ya sitini zilizooza kabla ya kuiva. Sina ugomvi nao, ingawa nadhani Shasta ametupoteza njia kuliko alivyotuongoza. Onyesho lake refu la kurejea, akiwa mtupu mbele ya kamera isiyopepesa, linadai kutuonyesha unyonge wa mwanamke aliyetumiwa, lakini kamera nayo inamtumia, na hilo siwezi kuliita ukungu wa makusudi.

Kwa hiyo mwache Shasta, mwache Wolfmann na mamilioni yake, umfuate Coy Harlingen. Ni mpiga saksofoni aliyetangazwa kuwa amekufa kwa heroini. Mkewe, Hope, anamwambia Doc kwamba haamini, kwa sababu baada ya kifo hicho akaunti yake ya benki imeingiziwa pesa nyingi mno. Coy yu hai: amegeuzwa mpasha habari, anatumwa huku na kule na watu asioweza kuwakatalia, na amekatazwa kurudi nyumbani. Anamtokea Doc usiku, ndani ya ukungu halisi wa pwani, na hamwombi amkomboe. Anaomba mtu apite tu amtazamie kama mkewe na binti yao mdogo wazima. Msuko mwingine wote, genge, merikebu, meno na maiti, unaishia kumpa Doc kitu kimoja cha kubadilishana, yaani shehena ya heroini ambayo Bigfoot ameipandikiza garini mwa Doc. Bepari anayetumwa kuikomboa anamuuliza bei, akitarajia kusikia tarakimu. Doc anataka Coy aachiwe.

Hilo ndilo faili pekee analolifunga kikamilifu, na halimwingizii hata senti. Anamfikisha Coy kwao kwa gari, kisha anabaki ndani, mikono kwenye usukani. Kamera haiingii nyumbani pamoja na mwanamuziki. Inakaa na Doc, na kwa mbali mlango unafunguliwa.