Kabla hujamjazia mwanao fomu ya IB, niambie anarudi wapi

Kila ukifika mwezi wa nne, wazazi wa Kihindi hunifuata darasani, wanajikunja kwenye viti vya wanafunzi, na tunaanza. Nafundisha hesabu kwenye shule moja ya kimataifa hapa Dar, inayofuata IB, ule mtaala wa kimataifa wa miaka miwili ya mwisho ya sekondari. Baadhi yao wamezaliwa Upanga na wananishinda kwa utani wa Kiswahili. Wengine wameletwa na kazi kutoka Gujarat au Kerala, mkataba wa miaka minne mitano, na wanajua watarudi. Wote huniuliza jambo lilelile: "Mwalimu, huyu mtoto achukue masomo gani?" Nami huwarudishia swali: anarudi wapi?

Wengi hawalipendi swali hilo. Wamekuja kusikia masomo gani ni "mazito", wakidhani ukichukua mazito matatu milango yote itafunguka. Mimi naona ni kinyume. Mtoto wa Kihindi anayesoma IB hufungiwa milango mapema kuliko wenzake, na hufungiwa na fomu yenyewe aliyoijaza akiwa na miaka kumi na sita.

Mtanzania aliyepita kidato cha tano hahitaji kuelezwa PCM wala PCB. Ni kombi tunazozijua, na India wanazo vilevile, hata herufi ni hizohizo. Anayetaka uhandisi anasoma Fizikia, Kemia na Hesabu, anayetaka udaktari anasoma Fizikia, Kemia na Baiolojia. Mfumo wa India umejengwa juu ya kombi. IB, iliyoanzia Geneva mwaka 1968, haikujengwa hivyo. Inataka mtoto awe na masomo sita yaliyotawanyika: lugha mbili, somo moja la jamii kama Uchumi au Historia, sayansi moja, Hesabu, na sanaa. Matatu yanasomwa ngazi ya juu, HL, na matatu ngazi ya kawaida, SL. Kila somo lina alama 7, ukiongeza 3 za insha ndefu na Nadharia ya Maarifa unapata ile 45 inayosimuliwa kwenye harusi.

Sanaa unaruhusiwa kuiacha na kuweka sayansi ya pili mahali pake. Kwa hiyo PCM inaingia bila shida: Fizikia, Kemia, Hesabu, na bado Uchumi unabaki. PCB ndiyo haingii. Inadai sayansi tatu, na ya tatu haina pa kukaa. Shule ikitaka kuiingiza kwa kuondoa somo la jamii, lazima iombe kibali IB mapema na ionyeshe kwamba chuo kinaidai. La sivyo mtoto anabeba somo la saba. Mzazi mmoja alikuja na ujanja wake: mwanawe asome Mifumo ya Mazingira na Jamii, ile ESS, kwa sababu inahesabika kama sayansi na kama somo la jamii. Ndani ya IB, sawa kabisa. Lakini NEET, mtihani wa kuingia udaktari India, unataka Baiolojia au Bioteknolojia kwa jina lake. Mazingira hayamtengenezi daktari.

Hapa nitasema jambo ambalo shule za kimataifa, na yangu imo, haziwaambii wazazi kwa sauti. Kama lengo ni MBBS, shahada ya udaktari, kwenye chuo cha serikali India, IB si njia yake. Mtoe mtoto akiwa na miaka kumi na sita, mpeleke kwenye CBSE, mtaala wa India wenyewe, na ada utakayookoa ilipie masomo ya ziada. Sisemi hivyo kwa kuidharau IB, naipenda kuliko mtaala wowote niliowahi kufundisha. Nasema kwa sababu ya kalenda. NEET hufanyika Jumapili ya kwanza ya Mei: tarehe 7 mwaka 2023, tarehe 5 mwaka 2024, tarehe 4 mwaka 2025. IB nayo hufanya mitihani yake kuanzia mwisho wa Aprili hadi baada ya katikati ya Mei. Yaani Ijumaa mtoto anaandika karatasi ya Kemia akieleza sababu na kuchora grafu, Jumamosi yuko kwenye ndege, Jumapili anakaa mbele ya maswali 180 ya kuchagua jibu, jibu sahihi alama 4, kosa linakula 1, Jumatatu arudi kwenye karatasi ya Fizikia. Nimemwona binti mmoja akijaribu. Alikuwa mwerevu kuliko mimi nilipokuwa na umri wake, na bado mitihani yote miwili ilimponyoka kidogo kidogo.

Na usidhani utaikwepa NEET kwa kumpeleka nje. Tangu 2018, raia wa India anayetaka kusomea udaktari nchi nyingine na kurudi kufanya kazi kwao anatakiwa awe ameipita kwanza. Hilo huwashtua wazazi kila mwaka.

Uhandisi una nafuu. JEE Main, mtihani wa kuingia uhandisi India, hufanyika mara mbili, Januari na Aprili, kwa hiyo mtoto wa IB anaweza kuimaliza Januari kabla moto wa Mei haujawaka. Kwa familia zinazoishi nje kuna pia mpango wa DASA wa kuingia NIT, vyuo vya uhandisi vya serikali ya India, ambao nao siku hizi unatumia alama za JEE Main. Ila wasikupigie hesabu za shemeji yako wa Muscat: ndani ya DASA kuna punguzo la ada kwa watoto wa Wahindi wanaofanya kazi nchi za Ghuba. Dar es Salaam haiko Ghuba, hata kama joto la Februari linakudanganya.

Sasa nije kwenye somo langu, maana hapa ndipo makosa mengi yanapofanyika, na moja ni la kwangu. Tangu 2019 IB ina Hesabu za aina mbili. Kuna AA, yenye aljebra, uthibitisho na kalkulasi ya kufanya kwa mkono, na ina karatasi nzima isiyoruhusu kikokotoo (cha hesabu, si kile cha pensheni). Kuna AI, yenye takwimu na matumizi, na kikokotoo kinaruhusiwa mwanzo hadi mwisho. Zote mbili zina HL na SL. Mtoto aliyechoka na Hesabu huikimbilia AI ya SL, na mzazi akisikia "matumizi" anaridhika kwa sababu neno linasikika kama kazi.

Miaka michache iliyopita nilimruhusu kijana mmoja. Alisema anataka biashara, nikasaini. Mwaka wa pili akabadili mawazo, kama wafanyavyo vijana wa miaka kumi na saba, akataka uhandisi Ujerumani, kwa kuwa vyuo vingi vya umma kule havitozi ada. Ujerumani haikubali AI ya SL kwa kuingia chuo moja kwa moja. Nilimwita baba yake, nikamweleza kuwa saini ile ni yangu. Alinyamaza muda mrefu kisha akaniuliza kama nimeshakunywa chai.

Tangu siku hiyo msimamo wangu ni mmoja: mtoto wa Kihindi ambaye hana uhakika achukue AA, hata kama ni SL. JEE hairuhusu kikokotoo. Delhi University, inayochukua wanafunzi kwa CUET, mtihani wa pamoja wa kuingia vyuo vikuu, tangu 2022, inadai Hesabu kwa anayetaka Uchumi wa Honours, na maswali yanatoka mtaala wa darasa la 12 la India. Cambridge ikitoa masharti ya 7, 7 na 6 kwenye HL kwa uhandisi, inatarajia kuona AA humo. Mwalimu mwenzangu ananiambia naonea watoto wasiopenda aljebra. Huenda. Lakini anayetoka AA kwenda kozi isiyohitaji Hesabu hapotezi kitu zaidi ya usingizi, na anayetoka AI ya SL kwenda kozi inayozihitaji anapoteza mwaka.

Lugha nitazipitia haraka, ingawa ndizo huzua kelele nyumbani. Bibi anataka Kihindi, mama anataka Kifaransa kwa sababu ya Canada, mtoto anataka chochote chenye mwalimu mpole. Kwa mtoto aliyezaliwa Upanga nashauri Kiswahili B, yaani Kiswahili kama lugha ya pili. Anakitumia sokoni kila siku, anaweza kupata 7 bila kuumia, na nguvu zake zikabaki kwa Fizikia. Kozi ya wanaoanza kabisa si yake, na tusidanganye: anajua kutukana kwa Kiswahili sanifu.

Kuhusu cheti chenyewe wazazi wanahangaika bure. Association of Indian Universities huitambua diploma ya IB kuwa sawa na darasa la 12. Tatizo ni muda: matokeo yanatoka mwanzoni mwa Julai, na vyuo vingine India vimeanza kupokea watu kabla. Ndiyo maana alama za makadirio tunazoandika sisi walimu zina uzito, na ndiyo maana nawaomba wazazi wasinitumie zawadi mwezi huo.

Wenye kadi ya OCI, ile India inayowapa watu wa asili ya Kihindi walio raia wa nchi nyingine, nao nina neno nao. Tanzania haina uraia pacha, na OCI si uraia. Tangu Machi 2021 serikali ya India imesema wenye kadi hiyo watashindania nafasi za Wahindi wa nje, si zile za raia peke yao. Ada za nafasi hizo si mchezo. Iulize benki kabla hujauliza masomo.

Mwaka jana alikuja baba mmoja ambaye alikuwa ameshalipa chumba cha mwanawe Kota, ule mji wa Rajasthan wenye vituo vya kunoa watoto wa JEE. Kijana anapenda data, ana AA ya HL na Fizikia ya HL. Nikamuuliza kama anajua kuwa IIT Madras, mojawapo ya vile vyuo vikubwa vya teknolojia vya India, ilifungua kampasi Zanzibar, kule Bweleo, mwaka 2023, IIT ya kwanza nje ya India, yenye shahada ya Sayansi ya Data na Akili Unde, na kwamba inachuja kwa mtihani wake na usaili. Alinitazama kama ninayemuuzia kiwanja cha watu.

"Zanzibar hii hii?"

"Hii hii, mzee wangu. Boti ya saa moja asubuhi."

Akatoa simu, akampigia mkewe, wakaongea Kigujarati kwa dakika kumi. Neno pekee nililolielewa ni Bweleo.