Andika Bei, Dada

Juzi saa nne usiku, watoto wamelala na vyombo vimeoshwa, niliziona kwenye simu, kwa dada mmoja anayeuza viatu mtandaoni: raba nyeupe za ngozi, namba 38, kisigino hakijalika upande wowote. Mtumba safi, ule wa daraja la kwanza ambao wenyewe wa Gikomba, soko la mitumba la Nairobi, huuita kamera. Nikauliza bei. Jibu likaja: "Inboksi, mrembo," yaani bei tuambiane faraghani. Huko inboksi swali la kwanza likawa, "Uko wapi?" Nikasema Umoja, mtaa wa watu wa kawaida. Nikaambiwa 1,800. Dada yangu, tuliyekuwa naye kwenye kochi hilohilo, akauliza kwa simu yake na kusema yuko Kilimani, mtaa wa wenye nacho, maana ndiko anakoishi. Akaambiwa 2,600, na pesa ya boda ni juu yake.

Kiatu kilekile, picha ileile. Nililala na hasira.

Kuwinda viatu vya bei nafuu kwenye simu ni raha yangu kubwa, na bei ni nusu ya raha hiyo. Kazi hii nilifundishwa na mama, Gikomba, alfajiri beli zikifunguliwa. Alikunja kiatu aone kama ngozi inapasuka, akaminya soli kwa ukucha, akaingiza mkono hadi kwenye ncha, kisha akatazama kisigino ajue aliyekivaa alikuwa anatembeaje. Leo nafanya hayohayo kwa picha. Naomba picha ya soli na ya kibandiko cha ndani. Naomba muuzaji aweke rula ndani ya kiatu, kwa sababu 38 ya kampuni moja si 38 ya nyingine, ila sentimita 24 ni 24 popote.

Soli ndiyo iliyonitia adabu. Niliwahi kununua buti za 900, zinang'aa kama hazijawahi kukanyaga chini. Siku ya kwanza kuzivaa, nikishuka matatu Kencom, soli ikaanza kumeguka vipande vipande kama keki iliyokauka. Fundi viatu akanieleza kwamba ile sponji ya poliyurithani huliwa na unyevu polepole, hata kiatu kikikaa miaka stoo bila kuvaliwa. Tangu hapo naomba video, muuzaji akiminya soli kwa kidole gumba. Walio waaminifu hawanuni.

Halafu kuna usiku unaolipa taabu zote. Umepitisha picha mia mbili, macho yamechoka, mara inatokea moja: ngozi halisi, mshono umenyooka, 1,200. Moyo unaruka. Unajua kiatu, unaiona bei, na hakuna aliyekuuliza mtaa wako. Mfanyakazi wa ndani wa Kayole na wakili wa Lavington wanasimama mbele ya lundo moja, na anayejua viatu ndiye anayeondoka navyo. Hicho ndicho neno "inboksi" linachotunyang'anya.

Najua, Gikomba nako bei haiandikwi, na muuzaji hukupima kwa macho. Lakini pale kiatu ninacho mkononi, wa meza ya pili anapaza sauti "mia tatu, mia tatu!", na nikiona naonewa nahama. Najua pia wauzaji wanaogopa wenzao kuwashushia bei. Hiyo ni sababu, nakubali. Haitoshi. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike na bidhaa, na sijui habari gani inatangulia bei.

Pesa ya boda iandikeni pembeni. Umoja na Kilimani si safari moja, hilo halina ubishi.

Leo asubuhi nimetazama tena. Raba bado zipo. Dada muuzaji, kama ni 1,800, andika 1,800 chini ya picha, watu wote waone. Boda akifika kwangu atanikuta mlangoni na pesa mkononi.